Trekta Isichemke

Jumatatu, 4 Mei

Leo nimempanda mke mwenzangu! Ndiyo, Bi Mdogo. Hilo ndilo jina ambalo mume wangu aliipa trekta ya hospitali, kwa sababu, anasema, inataka kubembelezwa kila asubuhi na ikinuna haisogei. Miaka yote hii nimeishi naye kwa amani. Leo tumejuana tabia.

Ilikuwa hivi. Mume wangu yuko hospitali ya rufaa tangu alipoanguka kwenye ngazi ya tangi la maji akavunjika mguu. Ijumaa ya wiki ijayo analetwa nyumbani na ile ndege ndogo ya dawa. Barabara haipitiki, daraja limeenda na maji. Kwa hiyo ni ndege au abaki huko huko. Na ndege inatua kwenye nyasi. Na nyasi zimenifika mapajani! Rubani kamwambia katibu wa hospitali kwamba safari iliyopita alisikia zikiikwaruza ndege tumbo. Zisipokatwa hatui. Atazunguka juu, atapunga mkono, atarudi alikotoka.

Katibu kahangaika kutafuta dereva, hakuna. Nikaenda ofisini kwake na aproni yangu ya kufulia, povu bado mikononi.

"Nitazikata mimi."

Akanitazama kama nimemwomba kisu nimpasue mgonjwa. "Mama, wewe uko kwenye ufuaji."

Nikamuuliza, mume wangu akiwa likizo nani huvuta trela la mashuka kutoka wodini? Wewe au mimi? Akakuna kichwa. Akakubali, "kwa majaribio."

Sawa. Kwa majaribio. Nikafunga mashine ya kufyeka nyuma, nikaingia uwanjani kichwa juu kama bibi harusi. Mzunguko wa kwanza, raha tupu. Nyasi zinalala, harufu nzuri, mashuka yakafuliwe na wengine! Mzunguko wa pili nikaangalia geji. Mshale wa joto umeshapita katikati, unaelekea kwenye nyekundu bila hata kuaga. Halafu mvuke. Halafu harufu kama sufuria iliyoachwa jikoni. Nikazima.

Sikungoja. Nikashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikakizungusha kidogo tu. Fyaaa! Mvuke ukanilamba mkono mpaka kwenye kiwiko. Nesi wa wodi ya wanaume kanipaka dawa huku anacheka. Acheke. Kesho nitajua Bi Mdogo anaumwa nini.

Jumanne, 5 Mei

Nimempigia wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayemuuguza kule. Akampa simu.

"Umemfanya nini Bi Mdogo?" Ndilo neno lake la kwanza!

"Sijambo, mume wangu. Na wewe umeamkaje?"

"Nimeamka. Umemfanya nini?"

Nani kamwambia? Nesi, bila shaka. Mdomo wa yule hauna breki. Nikaeleza. Akanishushia mawaidha mpaka sikio likapata joto: twende taratibu, moto kidogo, usimkanyage, huyo si beseni la kufulia. Nikamwambia haya, nimesikia. Nikamuuliza mguu je? Simu ikakatika. Mtandao wa huko!

Nikafanya alivyosema. Moto kidogo, injini inanong'ona. Mshale ukapanda haraka kuliko jana!

Mchana akaja Spana, fundi wa gereji ya chini ya kilima, rafiki wa mume wangu tangu wakiwa vijana wa kuchana nywele njia. Jina lake la kweli nimelisahau, nadhani na yeye pia. Hakugusa kitu kwanza. Akazunguka trekta, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kisha akafungua boneti, akachomoa ule wavu ulio mbele ya rejeta, akanionyesha. Sikuuona wavu. Niliona blanketi! Mbegu za nyasi, manyoya, mbawa za wadudu, vyote vimeshonana.

"Shemeji, umemvisha sweta halafu unashangaa anatoka jasho."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Basi akaeleza. Feni inazungushwa na injini. Injini ikilala, feni nayo inalala, upepo haupiti. Kwa hiyo moto juu, gia ndogo. Injini iimbe lakini magurudumu yatembee kama mzee anayetoka kula.

"Mume wangu kasema taratibu."

"Kasema kweli. Taratibu ni magurudumu. Hakusema injini."

Alisema! Lakini nikamuachia, sipendi kugombanisha marafiki. Tukasubiri ipoe kabisa, akafungua kifuniko mwenyewe. Maji yalikuwa yamepungua sana na yana rangi ya kutu. Tukamwaga yote, tukasuuza, tukajaza mapya yaliyochanganywa na ile dawa ya kijani. Akakagua mipira yote ya maji kwa kuibinya. Hakuna panapovuja.

Kesho tutaonana, Bi Mdogo.

Alhamisi, 7 Mei

Jana nilikata vizuri mpaka saa ya chai. Baada ya chai, mshale ukaanza tena ujinga wake. Polepole safari hii, lakini unapanda. Wavu nimeutoa na kuukung'uta kila mara. Safi. Maji yapo. Sasa nini?

Usiku nikalala na swali. Asubuhi nikaamka na jibu. Nimekwishafua mashuka ya chumba cha upasuaji miaka mingi, najua kitu kimoja: uchafu wa juu ukitoka haimaanishi wa ndani umetoka. Nikachukua tochi, nikamulika rejeta yenyewe, vile vibati vyembamba vilivyopangana kama kurasa. Mwanga haupiti! Nikamulika upande wa feni. Hivyo hivyo. Vumbi na oili vimegandamana humo ndani mpaka vimekuwa kama udongo wa kufinyangia.

Spana alipofika nikamwonyesha. Akapiga mluzi. Akataka kwenda kuleta kompresa apulize. Nikamwambia upepo hautoi mafuta, unayasukuma tu yakakae pengine. Yalowekwe kwanza. Akasema rejeta si shuka. Nikasema uchafu ni uchafu. Tukabishana pale kama watani, watu wa chumba cha dawa wakachungulia dirishani kututazama.

Mwisho tukafanya yote mawili. Nikaleta sabuni ya maji ya ufuaji, ile ya madoa ya mafuta, nikapaka kwa brashi laini, nikaacha ilowe humo. Kisha maji ya mpira, presha ndogo ili vibati visipinde, kutoka upande wa feni kuja mbele, uchafu utoke ulikoingilia. Hapo ni Spana aliyenizuia, mimi nilikuwa nataka kupiga kutoka mbele. Ningeugandamiza zaidi! Maji yalitoka meusi kama kahawa. Tukasuuza, tukasuuza. Mwisho kompresa yake ikamalizia kukausha, kwa mbali.

Nikamulika tena. Mwanga unapita! Naona vidole vya Spana upande wa pili!

Akafunga boneti, akajipangusa, akauliza kama vile hajali: "Hiyo sabuni mnaipata wapi?"

Jumamosi, 9 Mei

Naandika na mikono inatetemeka. Siyo hofu. Ni usukani.

Nimekata karibu nusu ya uwanja! Mshale ulipanda mpaka katikati, ukakaa pale kama mtu aliyepata kiti. Haukusogea. Niliuangalia zaidi ya nilivyoangalia nyasi, karibu nigonge kibao cha mpaka.

Nimejipangia namna. Nyasi zikiwa ndefu hivi sizikati zote mara moja. Napita kwanza mashine ikiwa imeinuliwa, zinapungua nusu. Kisha narudi nimeishusha. Kazi mara mbili, lakini injini haiguni. Naanza umande ukishakauka lakini jua halijawa kali. Na nimegundua jambo la upepo: ukiwa unatoka nyuma, makapi yote yanakuja mbele na feni inayavuta. Kwa hiyo nikienda na upepo napunguza mwendo, nikifika mwisho nashuka, naupangusa wavu, napanda. Watu wanaona mwanamke anashuka na kupanda kama mwenye wasiwasi. Wasiwasi uko kwao!

Katibu alikuja na mwavuli wake kusimama pembeni. Alipoondoka alirudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia tena. Wenzangu wa ufuaji walitoka kuanika, wakanipigia makofi na kuniita "dereva! dereva!" Nilijifanya sisikii, maana injini ina kelele. Nilisikia vizuri sana.

Niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma: kule juu ya kiti ni kuzuri. Upepo, na hakuna mtu anayekuita. Kule ufuaji ni mvuke na magadi mpaka kucha zinalainika. Hapa pia kuna mvuke, lakini angalau huu nimeufukuza.

Jumapili, 10 Mei

Mume wangu kapiga mwenyewe leo. Sauti nzuri, ya kushiba. Nikamwambia nusu ya uwanja iko chini. Kisha: "Hakuchemka?"

"Alichemka. Tumemwogesha."

Nikamsimulia yote, sabuni, tochi, vidole vya Spana. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nisimzoee sana Bi Mdogo, wao wawili bado hawajaachana. Nikasema nani kakwambia wake wenza hawawezi kupatana?

Nikauliza mguu.

"Mguu upo. Haujaenda popote."

"Unakanyagia?"

Akauliza kama nimetia grisi kwenye shafti ya mashine ya kufyeka. Nimetia. Akauliza oili. Nimepima. Akauliza filta ya hewa. Nimeikung'uta. Akauliza hata matairi! Mtu amelala kitandani miezi, anauliza upepo wa matairi. Nikasema nipe wifi. Wifi akachukua, akasema "tuko salama kabisa, wifi," kwa sauti ile anayotumia kwa watu asiowapenda. Na ananipenda yule. Tumegombania ngozi ya kuku mara ngapi.

Sijui. Labda amechoka kuuguza.

Jumanne, 12 Mei

Siku mbaya. Niandike haraka.

Jana nilikata vizuri. Leo nimefika mwisho wa uwanja, kule kwenye soksi ya upepo, ule mfuko unaomwonyesha rubani upepo, ambako nyasi ni nene kama mikeka. Mshale ukaanza. Nikatoa wavu, safi. Nikamulika, mwanga unapita. Maji yapo. Nikapumzisha, nikaanza tena, ukapanda tena! Na sauti mpya, kilio chembamba kama cha paka, kila nikiingia kwenye nyasi nene. Nikazima. Nikakaa kwenye tairi. Niliipiga teke trekta, ndiyo. Kidole kinauma.

Nikiwa hapo hapo simu ikalia. Wifi. Hakusalimia.

"Wifi, siwezi tena kukaa na jambo hili. Kaniapisha, lakini siwezi."

Goti la kushoto. Wameliunga na chuma. Mguu umepona, atatembea, lakini goti halitakunja tena. Kamwe. Daktari kamwambia tangu mwezi uliopita.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Anasema ukijua utamhurumia, na ukimhurumia atakufa." Halafu akalia, nikaanza kumbembeleza yeye!

Mguu wa kushoto. Nikaangalia chini, pale nilipokuwa nimekaa. Klachi iko kushoto. Bila goti huikanyagi. Unaweza kunyoosha mguu, lakini huwezi kuukunja ukauinua tena, tena na tena, siku nzima.

Nimekasirika. Mwezi mzima! Anauliza upepo wa matairi! Nilitaka kumpigia nimwambie nimejua. Nikashika simu. Nikairudisha mfukoni.

Spana akafika akanikuta nimenuna. Akabonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba, ukazama kama godoro la zamani. Umelegea, na upande wa ndani unang'aa kama kioo. Kumbe ndio unaolia. Kwenye nyasi nyepesi unashika, kwenye nzito unateleza, feni inazunguka nusu usingizi. Na bado! Akapiga magoti, akapapasa visu vya mashine kwa chini. "Shemeji, hivi si visu, ni vijiko." Visu butu vinapiga nyasi badala ya kukata, injini inabeba mzigo wa bure, joto linapanda. Anaondoka navyo kuvinoa. Mkanda mpya anao, ataufunga kesho.

Nikamuuliza: "Wewe ulijua? Habari ya goti?"

Akageuka kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Basi. Wote walijua.

Jumatano, 13 Mei

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kukata, nyasi mbichi zinajibandika kila mahali. Spana kafunga mkanda, kavirudisha visu. Tulifanya kazi bandani. Nimejifunza kukaza mkanda mwenyewe: ukibonyeza katikati uzame kidogo tu, upana wa kidole. Ukikaza sana unaua beringi.

Nimelia kidogo nikioga. Imetosha.

Alhamisi, 14 Mei

Jua! Nikangoja mpaka nyasi zikauke, nikaingia. Sikutoka ila kwa kujaza mafuta na kunywa maji.

Kule mwisho, kwenye mikeka, niliweka gia ya chini kabisa, moto juu, mashine imeinuliwa. Visu vinakata, vinakata hasa! Sauti ni nyingine, kama kitambaa kikichanwa. Kila baada ya mistari michache nasimama, naacha injini ingurume bila mzigo, mshale ushuke kidogo, naupangusa wavu, naendelea. Mara moja ulipanda juu ya katikati. Nilisema naye. Nilimwambia Bi Mdogo, leo hapana, leo nakuomba. Ukashuka. Mimi siyo mtu wa mambo hayo, lakini ukashuka.

Nimebakiza ukanda mmoja tu, wa upande wa uzio. Kesho asubuhi naumaliza.

Nimeamua. Sitasema kuwa najua. Aje aseme mwenyewe. Nina kifua cha kuhifadhi jambo, kama yeye anacho.

Ijumaa, 15 Mei

Amekuja!

Nilikuwa nimemaliza ukanda wa mwisho, naisogeza trekta pembeni, nikasikia mlio. Ndege ikapita juu mara moja. Ikazunguka. Ikashuka, ikagusa, ikaruka kidogo, ikatulia. Nyasi hazikuigusa tumbo, hazikuigusa popote. Rubani alitoa kichwa akasema ametua kama kwenye zulia! Katibu akaitikia "asante" kana kwamba ni yeye aliyekata. Nilimsamehe papo hapo.

Kisha mlango. Kwanza mkongojo. Kisha mguu wa kushoto, umenyooka kama mpini wa ufagio. Kisha yeye, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Wifi nyuma anamshika mkanda wa suruali asianguke. Akasimama. Hakuniangalia mimi. Akaangalia uwanja, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hapa umekata chini mno."

"Salama, mume wangu. Karibu nyumbani."

Ndipo akanitazama. Akacheka. Nami nikacheka, na machozi yakanitoka bila ruhusa, nikasingizia vumbi la ndege.

Gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri, lakini yeye akaelekea kwenye trekta. Polepole, mkongojo unazama kwenye udongo laini. Tukamwacha. Akaweka kiganja kwenye wavu wa rejeta, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hakuchemka?"

"Hakuchemka."

"Hata kule kwenye mikeka?"

"Hata kule."

Akaondoa kiganja. Halafu akasema, chini chini, sina hakika kama alitaka nisikie: "Kwangu kule huwa anachemka."

Jumapili, 17 Mei

Nyumba imejaa wageni siku mbili. Kila mtu anataka kuona chuma. Anawaambia kimo ndani, hakionekani, rudini makwenu. Anachekesha. Lakini kila anayeuliza "utarudi lini kazini?" anajibiwa hivi hivi: "Jumatatu." Wifi akisikia hivyo anainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haipo motoni.

Hajaniambia. Anakaa na mguu juu ya stuli, anasema bado umekakamaa, utalegea. Ananiangalia akisema hivyo. Namjibu, utalegea.

Jana katibu aliniita pembeni ya stoo. Alikuwa na maneno tayari. Barua ya daktari imemfikia. Hataki kumfukuza mtu, anasema, mume wangu ni mkono wake wa kulia. Kuna nafasi stoo, ya kutoa vifaa, kazi ya kukaa. Na trekta – hapo akakohoa – trekta angependa niendelee nayo mimi. Sio kwa majaribio.

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mwenyewe.

"Naogopa, mama."

Nilimpenda kidogo kwa kusema hivyo. Nikamwambia nitamweleza mimi, niachie. Nilisema kwa kifua mbele kabisa, kama ninavyosema yote. Anataka jibu Jumatatu.

Na bado sijasema. Mimi! Niliyemwogesha Bi Mdogo kwa sabuni ya madoa mbele ya watu! Mara tatu leo nimefungua mdomo, nikauliza kama anataka chai. Amekunywa chai mpaka amekataa.

Tatizo siyo kwamba naogopa atalia. Tatizo ni kwamba nakitaka kile kiti. Nakitaka kwa moyo wote. Atauona uso wangu, anaujua huu uso. Nitamwonea huruma na nitakuwa nimefurahi, vyote kwa pamoja, na hakuna namna ya kuviosha vikatengana.

Kesho asubuhi. Kabla ya chai. Nasema.

Jumatatu, 18 Mei

Nimeamka, upande wake uko wazi. Ovaroli yake haipo msumarini. Viatu vya kazi, kimoja hakipo, cha kulia. Cha kushoto kakiacha, hakiingii bila kukunja goti. Kavaa kandambili.

Wifi bado amelala sebuleni. Nimekuja jikoni nimewasha jiko ili niwe na kitu cha kufanya. Naandika nimesimama, daftari juu ya debe la maji. Dirisha linatazama banda la trekta, lakini mlango wa banda umefungwa nusu, naona gurudumu la nyuma tu.

Ameiwasha. Ilikubali mara ya kwanza, hainuni tena siku hizi. Inanguruma. Moto juu, kama inavyotakiwa. Gurudumu halizunguki.

Bado halizunguki.

Gia imelia. Kraa! Ile ya kuingiza bila klachi. Halafu mngurumo tena. Kraa! Nimeweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Nimeutoa. Nikienda atajua nimeona. Nisipoenda yuko peke yake.

Gurudumu limesogea! Kidogo, kama hatua ya mtoto. Likasimama. Trekta ikashtuka yote, injini ikafa.

Hajaiwasha tena.

Maji yanachemka, sina habari nayo. Mlango wa banda umefunguliwa. Ametoka. Anakuja huku, polepole, anapitia kwenye kokoto ingawa njia ya majani ni laini zaidi. Anataka nisikie anakuja. Ni mara ya kwanza tangu nimjue anapiga hodi kwa miguu.

Uso wangu ukoje? Hakuna kioo jikoni.

Amesimama nje ya mlango. Haingii. Naona kivuli chake chini ya mlango, na cha mkongojo. Anapumua kwa nguvu. Nasikia funguo za trekta zikigongana mkononi mwake, anazihamisha mkono huu, mkono ule.

"Mke wangu," anasema. "Uko hapo?"